Namna ya Kuwa Yakuza Bila Kusaini Uongo

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujiunga na yakuza, magenge ya uhalifu ya Japani, na wakati huohuo aendelee kupanga chumba, kupokea mshahara benki, kumiliki simu na kwenda uwanjani Jumamosi. Nitampeleka hatua kwa hatua, maana kila hatua ina karatasi yake ya kusaini. Namwonya mapema tu kwamba akiufuata kwa uaminifu, bila kudanganya popote, atakwama kabla hajakabidhiwa ufunguo wa chumba. Na mimi nataka akwame. Nitaeleza kwa nini, halafu nitaeleza mahali pamoja ambapo nataka asikwame.

Kwanza jua kwamba uanachama wenyewe si kosa la jinai. Katiba ya Japani inalinda uhuru wa kujumuika, na hakuna sheria inayomfunga mtu kwa sababu tu ni yakuza. Sheria ya kudhibiti magenge, iliyopitishwa mwaka 1991 na kuanza kutumika Machi 1992, haikuyapiga marufuku, iliyaorodhesha. Kamati za usalama wa umma za mikoa huyateua magenge yanayotimiza vigezo, kisha jina la genge, mahali ilipo ofisi yake kuu na jina la mkuu wake huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Yamaguchi-gumi, lililoanzishwa Kobe mwaka 1915, limo. Sumiyoshi-kai na Inagawa-kai ya Tokyo yamo pia. Anayetafuta mahali pa kujiunga hatasumbuka kutafuta anwani.

Shida inaanza akishajiunga. Serikali haikuweza kumwambia raia asiwe mwanachama, basi ikawaambia raia wengine wote wanaweza kukataa kufanya naye biashara, tena waandike hivyo kabla ya biashara kuanza. Juni 2007 serikali ilitoa mwongozo kwa makampuni kuhusu kukata uhusiano na makundi yanayoipinga jamii. Aprili 2010 Mkoa wa Fukuoka ukaanza kutumia sheria yake ya kuyatenga magenge, mikoa mingine ikafuata mmoja baada ya mwingine, na tarehe 1 Oktoba 2011 Tokyo na Okinawa zikakamilisha mikoa yote 47. Sheria hizo zinamtaka mfanyabiashara ajitahidi kuhakikisha anayeingia naye mkataba si mtu wa genge, na aweke kwenye mkataba kipengele cha kumruhusu kuuvunja akigundua vinginevyo. Zinamkataza pia kulinufaisha genge kwa fedha au huduma.

Kipengele chenyewe kisome polepole, kwa sababu maisha yako yote mapya yamo humo. Anayesaini anatamka kwamba si mwanachama wa genge, si mshirika wake wa pembeni, si mtu wa kampuni inayoendeshwa na genge, wala si mmoja wa wale wanaonunua hisa chache kisha wakatishia kuvuruga mkutano mkuu wa wanahisa wasipolipwa. Anatamka pia kwamba si mtu aliyeacha uanachama chini ya miaka mitano iliyopita. Halafu anaahidi: hatageuka kuwa mmoja wao, hatatisha, hatadai kisichokuwa haki yake, hatasambaza uvumi wa kuharibu jina la mwenzake. Ikibainika amesema uongo, upande wa pili unavunja mkataba papo hapo bila notisi, haudaiwi fidia, na unaweza kumdai yeye.

Uzuri wa kipengele hiki ni kwamba hakimsubiri mtu afanye ubaya. Mwenye duka hahitaji kuthibitisha kwamba alitishwa, wala kusimama mahakamani na kumwelekezea kidole aliyemtisha. Anahitaji tu kuonyesha sahihi na kuonyesha kwamba tamko lilikuwa la uongo.

Chumba

Tuanze na chumba, maana hata jambazi analala. Mkataba wa mfano wa kupanga nyumba unaotolewa na wizara ya ardhi na miundombinu ya Japani una kipengele hiki tangu uliporekebishwa mwaka 2012. Unakataza pia chumba kugeuzwa ofisi ya genge, na unakataza vitendo vya kibabe vya kuwatia majirani hofu. Mwanafunzi kutoka Dodoma aliyepata ufadhili, au mwanariadha kutoka Eldoret aliyekwenda kukimbilia timu ya kampuni, akipanga chumba mwenyewe kwa mkataba wa aina hiyo anatamka kwa sahihi yake kwamba si yakuza. Wengi husaini bila kujua, kwa kuwa maandishi ni ya Kijapani na wakala ana haraka. Nawasihi waulize. Tamko ulilolisaini ni lako hata kama hukulielewa.

Wewe unayefuata mwongozo huu huwezi kusaini bila kudanganya, kwa hiyo mlango wa kwanza umefungwa. Usikimbilie nyumba za manispaa ukidhani serikali ina huruma zaidi. Mji wa Nishinomiya, katika Mkoa wa Hyogo, ulibadilisha kanuni zake ili uweze kumtaka mpangaji wa genge ahame, na tarehe 27 Machi 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kanuni hiyo haivunji katiba. Majaji walizingatia kwamba mtu anaweza kuacha genge kwa hiari yake. Kumbuka hoja hiyo, tutairudia.

Benki

Chama cha mabenki cha Japani kilitoa kipengele cha mfano kwa ajili ya mikopo mwaka 2008, na mwaka uliofuata kikatoa cha akaunti za amana. Tangu hapo fomu ya kufungua akaunti ina tamko, na tamko hilo si pambo. Mtu mmoja wa genge alijaza fomu ya benki ya posta, akatamka kwamba si mmoja wao, akapewa kitabu na kadi ya ATM. Hakuiba hata yeni moja. Tarehe 7 Aprili 2014 Mahakama ya Juu ikasema huo ni utapeli: benki isingempa kitabu na kadi kama ingejua ukweli, kwa hiyo alivipata kwa udanganyifu.

Bila akaunti hupokei mshahara kwa njia ya benki, hulipi umeme kwa kukatwa moja kwa moja, hupati kadi ya mkopo. Laini ya simu nayo ina mkataba wenye kipengele kilekile, na gari la kukodi vilevile. Yakuza wa leo anaishi kwa fedha taslimu kama mtu wa karne iliyopita.

Usidhani kwamba benki zenyewe ziko juu ya sheria hii. Septemba 2013 mamlaka ya fedha ya Japani iliiadhibu Mizuho, mojawapo ya benki kubwa kabisa nchini, kwa kuacha mikopo takriban 230, yenye jumla ya karibu yeni milioni 200, mikononi mwa watu wenye uhusiano na magenge. Mingi ilikuwa mikopo ya magari iliyopitia kampuni ya mikopo yenye uhusiano na benki hiyo. Benki ilijua kwa zaidi ya miaka miwili na haikuchukua hatua. Kwa benki ya ukubwa ule, yeni milioni 200 ni fedha ndogo sana, lakini viongozi wakuu waliitwa kujieleza mbele ya bunge. Januari 2018 benki zikaunganishwa na kumbukumbu za polisi ili kumkagua mwombaji wa mkopo kabla ya kumpa. Hayo ndiyo matokeo ya kipengele kuchukuliwa kwa uzito: karatasi isipofuatiliwa na mtu, inabaki karatasi.

Gofu

Hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu gofu ndiyo iliyotoa funzo bora kuliko yote. Tarehe 28 Machi 2014 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi mbili siku moja, na ziliishia tofauti.

Kesi ya kwanza ilitoka Mkoa wa Miyazaki. Mtu wa genge alikwenda kwenye viwanja vya gofu, akaandika jina lake la kweli kwenye kitabu cha wageni, akalipa, akacheza, akaondoka. Vilabu vilikuwa na mabango ya kukataa watu wa magenge, lakini havikuwa na tamko la kusaini wala utaratibu wowote wa kumuuliza mgeni yeye ni nani. Mahakama ikamwachia huru. Kuandika jina lako na kucheza si sawa na kutamka kwamba wewe si wa genge.

Kesi ya pili ilitoka Mkoa wa Nagano. Hapo klabu ilikuwa imewataka wanachama wake, siku ya kujiunga, waahidi kwamba hawataleta watu wa magenge. Mwanachama mmoja akamleta rafiki yake yakuza na kuficha ukweli wakati wa kujiandikisha. Hapa nako mchezo ulilipiwa. Yakuza huyo akatiwa hatiani kwa utapeli: alipata huduma ambayo klabu isingempa kama ingejua.

Pima tofauti hiyo. Michezo ni ileile, ada zimelipwa kotekote, hakuna aliyepigwa wala kutishwa. Kilichotofautisha uhuru na hatia ni kama klabu ilikuwa imemfanya mtu aahidi, na kama ahadi hiyo ilivunjwa. Ninawashauri wenye klabu, hoteli na kumbi kila mahali wayasome maamuzi haya mawili kabla ya kutumia fedha kwenye mabango. Bango linamwonya mtu, lakini ahadi aliyoitoa inamfunga.

Hata walioko ndani ya mchezo hawakunusurika. Mwaka 2013 viongozi wawili wa chama cha wacheza gofu ya kulipwa, PGA ya Japani, walibainika kucheza na kula na kiongozi wa genge, na uongozi wa chama ukalazimika kuachia ngazi.

Uwanjani

Basi angalau ukatazame sumo? Zamani ingewezekana. Katika mashindano ya Nagoya ya Julai 2009, watu wa genge walionekana wamekaa viti vya mbele kabisa, vile vinavyotengwa kwa wafadhili wa mchezo, mahali ambapo kamera ya televisheni inawapata kila siku. Ilielezwa kwamba walitaka mkuu wao aliyekuwa gerezani awaone kwenye matangazo. Mwaka uliofuata jambo likafichuka: msimamizi wa kambi ya wanamieleka aliyehusika na tiketi hizo akashushwa cheo, na kambi yake ikafungwa.

Mwaka huohuo wa 2010 kukalipuka kashfa kubwa zaidi. Wanamieleka walikuwa wanacheza kamari ya matokeo ya besiboli, kamari ambayo magenge ndiyo huiendesha. Kotomitsuki, aliyekuwa na cheo cha ozeki, cha pili kutoka juu, alifukuzwa. Shirika la utangazaji la NHK likakataa kurusha moja kwa moja mashindano ya Nagoya ya Julai, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu sumo ianze kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1953. Polisi walipochunguza simu za wanamieleka wakitafuta kamari, wakakuta ujumbe wa kupanga matokeo ya sumo yenyewe, na mashindano ya Osaka ya Machi 2011 yakafutwa. Uchafu unaoingia kwenye mchezo kwa kamari ndogo ya marafiki hauishii hapo.

Besiboli ilikuwa imelijua hilo mapema zaidi. Kuanzia mwaka 1969 ilitikiswa na kashfa ya wachezaji kupokea fedha ili wapoteze mechi, na mrushaji Masaaki Ikenaga wa Nishitetsu Lions, kijana mwenye kipaji kikubwa, alifungiwa maisha mwaka 1970. Adhabu yake iliondolewa mwaka 2005, akiwa mzee. Tangu 2003 ligi ya kulipwa na polisi wana baraza la pamoja la kuyazuia magenge. Masharti ya kuingia uwanjani yanamkatalia mtu wa genge, na vikundi vya ushangiliaji vyenye ngoma na tarumbeta lazima viombe kibali, kwa kuwa magenge yalikuwa yamejipenyeza humo kushika viti na kuuza tiketi kwa bei ya kuruka. Ukinunua tiketi, umekubali masharti. Wewe ukinunua, umedanganya tena.

Kwa mwenye duka, si kwa jambazi

Sasa nakugeukia wewe unayetakiwa kukataa. Japani ina kauli inayofundishwa na vituo vya mikoa vya kuyapinga magenge: usiwaogope, usiwape fedha, usiwatumie, ikaongezwa ya nne, usifanye nao urafiki. Ya tatu ndiyo inayosahaulika. Watu wengi walioanguka hawakutishwa. Walikwenda wenyewe kuomba msaada. Shinsuke Shimada, mmoja wa watangazaji wa vichekesho waliopendwa mno nchini, alistaafu ghafla tarehe 23 Agosti 2011, wiki chache kabla ya sheria ya Tokyo kuanza. Kwa maelezo yake mwenyewe, kisa kilianzia kwenye ugomvi wa zamani uliomalizwa kwa msaada wa mtu wa genge. Kampuni ya ardhi na majengo ya Suruga iliilipa mabilioni ya yeni kampuni yenye uhusiano na genge ili iwaondoe wapangaji kwenye majengo. Jambo lilipojulikana mwaka 2008 benki zikaacha kuikopesha, na ndani ya miezi michache ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Kuhusu kutoogopa, sitakudanganya kwamba ni rahisi. Kitakyushu, mji wa viwanda katika Mkoa wa Fukuoka, ulikuwa chini ya kivuli cha genge la Kudo-kai. Mwaka 2003 bomu la mkono lilirushwa ndani ya klabu ya usiku ambayo meneja wake alikuwa mstari wa mbele kulipinga genge. Agosti 2012 baa za mkoa zilianza kubandika alama rasmi za kuwakataza watu wa genge kuingia. Ndani ya wiki chache majengo yenye alama hizo yalichomwa moto, na wanawake waliokuwa wakiendesha baa walikatwa usoni kwa visu walipokuwa wakirudi nyumbani usiku. Baadhi ya wenye baa walizibandua. Siwalaumu hata kidogo.

Hapo ndipo karatasi inapofika mwisho wake na dola inapaswa kusimama. Desemba 2012 Kudo-kai lilitangazwa rasmi kuwa genge hatari la ngazi ya pekee. Polisi waliwakamata wakuu wake mwaka 2014, na Agosti 2021 mahakama ya Fukuoka ikamhukumu mkuu wake, Satoru Nomura, adhabu ya kifo. Mahakama ya rufaa ikaibadilisha kuwa kifungo cha maisha Machi 2024. Ofisi kuu ya genge ilibomolewa, na kiwanja chake kikanunuliwa na shirika la hiari linalosaidia watu wasio na makazi. Waliobandika zile alama ndio waliouweka mji huo huru, na walilipa kwa nyuso zao. Yeyote anayesaini kipengele hiki leo kwenye ofisi yenye kiyoyozi anapaswa kulijua hilo.

Namna ya kutoka

Hatua ya mwisho ndiyo niliyoahidi. Umeona kwamba maisha hayawezekani, umeamua kuacha. Umefanya sawasawa, na takwimu za polisi zinaonyesha si wewe peke yako: mwaka 1963 watu wa magenge na washirika wao walikuwa takriban 184,000, mwishoni mwa 2024 walikuwa 18,800. Zaidi ya nusu ya waliobaki wamefikisha miaka 50.

Unakwenda kutafuta kazi. Mwajiri anataka namba ya akaunti. Benki inakuonyesha kipengele: haijapita miaka mitano. Huna simu ya jina lako, huna chumba cha jina lako. Ukisaini ukanyamaza, umefanya utapeli na unaweza kwenda gerezani. Ukisema kweli, unaambiwa urudi baada ya miaka mitano. Mtu wa miaka 52, mwenye tatuu mgongoni na asiye na kidole kidogo, ataishi na nini miaka hiyo yote? Mahakama ilisema mtu anaweza kuacha kwa hiari. Basi akiacha, hiari yake iwe na faida.

Naelewa kwa nini miaka mitano iliwekwa. Magenge yalianza kuwaandikia watu barua za kufukuzwa za bandia ili wapite ukaguzi, na benki haina jicho la kuona moyo wa mtu. Lakini anayefungiwa kila mlango hapotei. Polisi wa Japani sasa wanahangaika na makundi mapya yasiyo na jina, ofisi wala mkuu anayejulikana, yanayokusanya vijana kwa matangazo ya kazi za haraka kwenye mitandao, kisha kuwatuma kuiba na kuwatapeli wazee. Makundi hayo hayamo kwenye orodha yoyote, na hakuna tamko la uanachama linaloweza kuyanasa. Yanamhitaji mtu mwenye uzoefu wa uhalifu na asiye na pa kwenda, na kipengele cha miaka mitano kinayaandalia mtu huyo.

Tangu mwaka 2022 polisi na mamlaka ya fedha wamezihimiza benki zimfungulie akaunti aliyeacha genge, ikiwa anasimamiwa na kituo cha mkoa na ana mwajiri anayemdhamini. Ni hatua sahihi, lakini bado ni himizo, na benki inaweza kukataa. Hukumu yangu ni hii: kipengele kibaki, kiwe kikali, kisisamehe uongo hata wa mchezo mmoja wa gofu. Ila kwa aliyejiandikisha kituoni na kupata mwajiri, himizo ligeuzwe wajibu, na akaunti ifunguliwe siku yake ya kwanza kazini.